Tepe Kabla ya Wakati Wake

Hakuna askari asiyeujua uchungu wa kusubiri tepe. Mtu hupiga shabaha vizuri, hushika zamu bila kunung'unika, viatu vyake hung'aa mwaka mzima, na bado orodha ya vyeo isomwapo gwarideni jina lake halimo. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la kambini na vituo vya polisi peke yake. La hasha. Lipo hata katika majumba marefu ya vioo ya London, ambako vijana wenye digrii za hisabati hukesha wakingoja tepe zisizoshonwa begani.

Sajini mmoja mstaafu, mkazi wa Jinja nchini Uganda, amelijua hilo kwa sababu ya binti yake. Binti huyo alikulia katika nyumba za kambi, akasoma kwa ufadhili hadi chuo kikuu huko Uingereza, kisha akaajiriwa na benki moja ya uwekezaji yenye ofisi Canary Wharf, mashariki ya London, mahali palipokuwa na gati za meli hadi zilipofungwa mwaka 1980. Kwa miaka miwili mzee wake hakuweza kuwaeleza majirani kazi ya mwanawe. Aliposema kuwa yuko benki, walidhani ameketi dirishani akihesabu noti.

Benki ya uwekezaji haina dirisha la kuwekea akiba. Kampuni itakayo kununua kampuni nyingine, au kuuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, huenda huko kutafuta ushauri na wanunuzi. Na benki hupata ada yake biashara ikikamilika. Ngazi zake hazitofautiani sana na za jeshi. Chini kabisa yuko mchambuzi, naye ndiye kuruta: hupiga hesabu za thamani ya kampuni katika kompyuta, huandaa makabrasha ya wateja, na tarakimu moja ikikosewa ni yeye atakayeitwa usiku wa manane. Juu yake yuko afisa mshiriki, kisha makamu wa rais, kisha mkurugenzi, na kileleni mkurugenzi mtendaji, ambaye kazi yake kubwa ni kuleta wateja. (Msomaji asishtuke kusikia makamu wa rais. Benki kubwa huwa nao kwa mamia, na ukubwa wao ni kama wa kapteni tu.)

Kwa desturi mchambuzi hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kupanda. Mwaka 2015 Goldman Sachs ilitangaza kwamba wachambuzi wake wafanyao vizuri wangeweza kupandishwa baada ya miaka miwili badala ya mitatu, maana vijana walikuwa wakiikimbia kazi hiyo na kwenda kwenye makampuni ya teknolojia na mifuko inayonunua makampuni. Benki ya binti huyu ilishika bado desturi ya miaka mitatu. Yeye akataka kupanda kwa miwili.

Sababu zake hazikuwa za majivuno. Mdogo wake alikuwa akiingia chuo cha uuguzi, na paa la nyumba ya Jinja lilikuwa likivuja tangu masika. Mshahara wa afisa mshiriki ungeyamaliza yote mawili. Njia aliyoichagua ilikuwa ile ambayo mtoto wa askari angeichagua, yaani kufanya kazi kuwapita wote. Akawa anatoka ofisini saa nane za usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Katika biashara hiyo jambo hili si la ajabu, na hapo ndipo penye hatari yake. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs waliwaeleza wakubwa wao kuwa wanafanya kazi kwa wastani wa saa 95 kwa wiki, na kulala kama saa 5 kwa usiku. Mwezi Agosti 2013 kijana wa Kijerumani wa miaka 21, aliyekuwa katika mazoezi ya kazi kwenye benki moja mjini London, alikutwa amekufa baada ya siku za kukesha. Uchunguzi ulionyesha kuwa aliuawa na kifafa. Uchovu huenda ulichangia, lakini haikuweza kuthibitishwa. Mwaka 2024 JPMorgan iliwawekea vijana wake kikomo cha saa 80 kwa wiki, isipokuwa katika kazi maalumu. Saa 80 ndizo zinazoitwa nafuu! Hata mlinzi wa lango la kambi hupokewa na mwenzake.

Jumapili moja binti alimpigia baba yake simu, sauti imemkauka.

"Baba, mwaka huu lazima wanipandishe. Hakuna afanyaye kazi kama mimi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wanaona."

"Nani anaona, mwanangu?"

Binti akanyamaza. Waliokuwa wakimwona saa nane za usiku walikuwa wachambuzi wenzake, na mama afagiaye ukumbi.

Hapo mzee akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani. Alikuwa koplo kwa miaka tisa. Katika kombania yake hakuwa na mpinzani kwa shabaha, naye aliamini kuwa shabaha ingemsemea. Wenzake wawili wakampita. Mzee hakukana kuwa wapo wanaopanda kwa hongo na kwa undugu, lakini wale wawili hawakupanda hivyo. Sajini meja aliwafahamu, alikuwa akiwatuma kazi na kuwakagua, na siku kamanda alipoulizia majina alikuwa na la kusema juu yao.

"Mimi sikumwambia mtu yeyote kuwa nataka tepe," mzee alisema. "Niliona ni aibu. Wao wakadhani nimeridhika."

Kwa hakika benki haina tofauti. Cheo hutolewa katika chumba ambacho mwombaji hamo. Kwanza wakubwa, wenzake na walio chini yake huandika tathmini. Halafu wakurugenzi huketi na kuyapanga majina kwa madaraja, kila mmoja akiwapigania watu wake, na nafasi aghalabu hazitoshi. Jina lisilo na msemaji husomwa likapitwa, hata kama karatasi zake ni safi. Mashauri hayo huanza miezi kadhaa kabla ya orodha kutangazwa, basi anayekwenda kuomba wiki ya mwisho amebisha hodi mlango umekwisha fungwa.

Katika historia ya kazi hii yuko mtu aliyepanda kuliko wote, naye hakuwa na digrii yoyote. Sidney Weinberg, mmoja wa watoto 11 wa familia ya Brooklyn, aliingia Goldman Sachs mjini New York mwaka 1907 akiwa msaidizi wa mfagizi. Kazi yake ilikuwa kupiga brashi kofia za wakubwa na kufuta tope viatuni mwao. Paul Sachs, mjukuu wa mwanzilishi wa benki hiyo, akamtambua kijana huyo mwepesi, akamhamishia chumba cha barua na kumlipia masomo ya jioni. Weinberg akakipanga upya chumba hicho. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mpishi katika jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1927 akawa mbia wa benki, mwaka 1930 akawa mkuu wake, na hakukitoka cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1969. Hapana shaka kipaji alikuwa nacho. Lakini wafagizi wenye vipaji walikuwa wengi New York. Aliyekuwa na Paul Sachs ni mmoja.

Binti akaenda kwa mkurugenzi mtendaji mmoja, mama wa makamo ambaye alikuwa amefanya naye kazi katika uuzaji wa kampuni moja ya dawa. Orodha ilikuwa bado miezi sita. Wako vijana wanaokwenda na barua ya kazi kutoka benki nyingine mfukoni, wapandishwe la sivyo waondoke. Mara nyingine hufaulu. Ila tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa watu wenye mguu mmoja nje. Binti hakufanya hivyo. Aliuliza tu: afisa mshiriki hufanya nini ambacho yeye hajakifanya, ili baada ya miezi sita mama huyo aweze kumsemea?

Jibu halikuwa lile alilolitazamia. Hakuambiwa aongeze saa. Aliambiwa aache kufanya kila kitu peke yake. Afisa mshiriki hukagua kazi za wachambuzi, huwafundisha, hulikamata kosa kabla halijapanda juu, na huweza kuongea na mteja mkubwa wake asipokuwepo. Mchambuzi anayekesha na kila karatasi mkononi amethibitisha kuwa ni mchambuzi hodari, basi.

Kisha mama yule akamwonya kwa jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. "Leo wewe ni wa kwanza kati ya wachambuzi. Nikikupandisha mapema, kesho yake utakuwa wa mwisho kati ya maafisa washiriki, na bonasi yako itapimwa na ya watu waliokupita kwa mwaka mzima. Huenda mwaka wa kwanza ukajuta." Binti akaomba siku mbili za kufikiri. Akapiga hesabu za paa na za karo kwa mishahara yote miwili, akarudi akasema yuko tayari.

Miezi sita ikapita. Alianza kuondoka ofisini saa tano za usiku, si kila siku, akiwaachia wengine karatasi ambazo zamani asingethubutu kuziachia. Mara mbili walikosea, na mara zote mbili lawama ilimwangukia yeye. Orodha ilipotoka, jina lake lilikuwamo.

Akapiga simu Jinja usiku uleule. Mzee akamshukuru Mungu, akamwita mama yake aje asikie, kisha akairudia simu.

"Walio chini yako ni wangapi?"

"Wachambuzi wanne, Baba."

"Majina yao?"

Akataja matatu. La nne hakulipata. Lilikuwa la kijana aliyeanza kazi wiki mbili nyuma, akaaye karibu na dirisha.

"Kesho mwulize," mzee alisema, "kabla hujamtuma kitu." Halafu akataka kujua kama mabati yanunuliwe ya geji 28 au 30, maana fundi alikuwa amekwisha kuja kupima.