Kanda za Liverpool

Mjukuu wangu, aliyeachishwa kazi na kampuni moja ya michezo ya kompyuta, aliniambia juzi, "Babu, kabla ya mwaka 2023 balaa hili halikuwapo." Nilinyamaza, kwa kuwa mwenye huzuni hajadiliwi, lakini wazee wa hapa Liverpool, nilikoteremka melini nikiwa baharia kijana na kufanya maskani, twajua sivyo.

Mtaa wa pili kutoka kwetu palikuwa na duka ambalo mwenyewe, mtu mnene mwenye kikohozi kisichokoma, aliuza betri, redio kuukuu na kanda za michezo, na ndani mlinuka risasi ya kulehemu na chai iliyolala, harufu ambayo hata leo nikiipata kwa fundi hunirudisha palepale, mkono wa mwanangu mkononi mwangu. Hakuuza kanda ila aitie kwanza kwenye mashine mbele yako, nasi tukangoja dakika tano nzima, kompyuta ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, hata picha idhihiri; na maadamu haijadhihiri, fedha yako haigusi. Vijana wa Imagine, kampuni ya michezo ya papa hapa mjini, walipopita na magari yao ya fahari, aliwatazama kwa jicho la nahodha aliyeona wingu.

Julai 1984 (tarehe nimeihakiki, ingawa aliyekuwapo haihitaji) madalali wa mahakama waliingia ofisini mwao, na watu wa BBC, waliokuwa wakipiga filamu ya biashara yao, wakaipata taswira ya anguko. Mwenye duka alizishusha kanda zao rafu ya chini, akapunguza bei, wala hakutamka neno.

Katika mabaki hayo ikazuka kampuni ya Psygnosis, yenye nembo ya bundi. Sony ikainunua mwaka 1993, mchezo wake wa Wipeout ukatoka 1995, na Agosti 2012 milango ikafungwa. Duka lile sasa lauza vifuniko vya simu.

Ila zamani, walau, kampuni ilifilisika ndipo watu wakatoka. Microsoft iliinunua Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69 mwaka 2023, na Januari iliyofuata ikawapunguza watu 1,900 wa kitengo chake cha michezo. Huo ni ufukara gani? Mjukuu wangu aliarifiwa kwa mkutano wa kompyuta, kwa muda usiotosha kupakia kanda moja.

Mchezo alioutumikia miaka mitatu haukutolewa, wala hapana hata kanda yake ya kuweka kabatini.