Kuiambia Mashine Saa

Wasomaji wengi wamesikia ya kuwa siku hizi mwalimu wa kijijini aweza kujitengenezea kompyuta ya kutunzia kazi za shule. Ni kweli, wala si jambo la kutisha. Katika shule yetu tuna kibao kidogo kiitwacho Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya benki. Vibao vya namna hii vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Ndani yake hufanya kazi Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, na mtu yeyote aweza kuitumia bila kulipa. Twakiwasha jioni walimu waandikapo alama, tangu saa kumi na mbili hata saa tatu, kwa nguvu za jua zilizowekwa katika betri. Kazi yake kila usiku ni kunakili daftari la alama, na kuipa kila nakala jina la tarehe yake.

Twapenda kueleza habari ya saa tu, maana hapo ndipo penye kazi.

Linux ina programu iitwayo cron, mtumishi wa zamani, ambaye alikuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970. Huandikiwa mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma, kisha hutajiwa kazi yenyewe. Nafasi yenye nyota maana yake ni “kila”. Basi sisi twataka nakala ifanywe saa mbili za usiku. Je, tuandike 2? Tulipowauliza wanafunzi wakubwa, karibu wote walijibu 2, nao walikuwa na haki, kwani ndivyo mama zao wasemavyo. Lakini cron huhesabu tangu saa sita za usiku, si tangu jua kuchwa. 2 kwake ni saa nane za usiku, wakati ambapo kibao kimezimwa na watu wamelala. Wala hailipi kazi iliyopitwa na saa yake: hungoja kesho, na kesho kutwa vivyo hivyo. Mtu angekaa mwaka mzima akiamini ya kuwa ana nakala, naye hana hata moja. Lililo sawa ni kuandika 0 ya dakika, kisha 20, kisha nyota tatu.

Tena kibao chenyewe hakina budi kujua ni saa ngapi. Vibao hivi, ili bei iwe ndogo, havikutiwa saa yenye betri. Kikizimwa hakijui muda uliopita. Kikiwashwa huendelea tangu saa ile ya mwisho iliyowekwa akibani, mpaka kipate intaneti ya kukisahihisha. Wakazi wa mjini hawalioni jambo hili. Kwetu intaneti ni ya simu ya mtu, na siku za masika mawingu hukaa, betri haijai. Kibao hulala siku tatu, nacho kikiamka hudhani ni siku ile ile. Kile cha namna ya tano, kilichotoka mwaka 2023, kina saa ndani, ila betri yake hununuliwa mbali. Chetu ni cha zamani, kwa hiyo tulikinunulia saa ndogo yenye betri ya mviringo kama kifungo, tukaichomeka juu ya pini zake. Hupotea kadiri ya dakika moja tu kwa mwaka. Wenzetu wengine walisema ni anasa, heri chaki.

Muhula uliopita mzazi mmoja alikuja na karatasi ya mtihani wa hesabu wa mtoto wake. Juu yake yalikuwa 64. Taarifa ya shule ilisema 46. Mzee yule hakupiga kelele. Aliketi, akasema tu ya kuwa mtoto amekataa kuja shule, kwa maana mwalimu hampendi. Maneno kama hayo yakitoka nje ya ua wa shule, kijiji kizima huyachukua.

Tukafungua nakala moja moja mbele yake. Ya Jumanne ilikuwa na 64. Ya Jumatano, 46. Na watoto wengine wawili katika ukurasa ule ule tarakimu zao zimepinduliwa vivyo hivyo, nao hawana ugomvi na mtu. Jumatano ile ndiyo siku alama zilipoandikwa upya kwa ajili ya taarifa, na mwenye kazi alikiri ya kuwa aliandika watoto wengi usiku ule, amechoka. Kama tarehe zingekuwa nyuma siku tatu, nakala ya Jumatano ingeitwa ya Jumapili, siku ambayo hakuna aliyeandika neno, nani angesadiki? Mzee alisoma tarehe zote mwenyewe, kwa kidole, kisha akaomba taarifa mpya. Mtoto alirudi Jumatatu.

Kando ya kibao lipo daftari la karatasi. Mstari ule wa cron umeandikwa humo kwa wino, pamoja na maelezo kwa mwalimu atakayetufuata, na neno la siri lipo kwa mwalimu mkuu katika bahasha iliyofungwa. Siku ilipotiwa betri ya saa imeandikwa pia, na nyingine tumekwisha kununua, ipo katika kijaluba cha chaki.