Lenzi ipi kwa picha ya mama?

Magoti ya mama hayamruhusu tena kwenda Kitulo. Mimi na kaka tukakubaliana kumpigia picha wakati maua yanapochanua, kati ya Desemba na Aprili, tuitundike sebuleni kwetu Iwawa. Ubishi ukawa kwenye lenzi.

Kaka alitaka Canon ya milimita 24 hadi 70, f/2.8. Tundu lake hufunguka sana, hivyo inafaa ukumbini penye mwanga hafifu. Mimi nilitaka ya 24 hadi 105, f/4. Katika matoleo tuliyolinganisha, yake ilikuwa na gramu 805, yangu 670, tena yangu inatuliza mtikisiko wa mkono.

Kwa picha za mandhari, tundu hubanwa hadi f/8 au f/11 ili ua la karibu na mlima wa mbali vyote vionekane vizuri. Hapo f/2.8 unailipia bila kuitumia. Milimita 105 nazo huusogeza mlima karibu zaidi.

Tulichukua ya bei nafuu. Fedha iliyobaki tulimlipia mama mazoezi ya tiba ya magoti. Wanafamilia, kabla ya kununua kifaa, ulizaneni kwanza: kitafanya kazi gani, na kwa ajili ya nani?