Mtu wa Kumweleza

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu akizidiwa na mambo ya moyoni na akaamua kutafuta mshauri, basi amtafute mbali na anapoishi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ni imani iliyojijenga yenyewe kwa kuishi katika mji ambao anayekusalimia anakuuliza habari za watoto wako kwa majina yao. Morogoro si mji mdogo tena, lakini kwa sisi walimu bado ni mdogo: kila daladala ina mzazi wa mwanafunzi, na msibani unawakuta walewale wa msiba uliopita. Katika mji wa namna hii, kuonekana umekaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili ni habari itakayofika nyumbani kabla yako. Ndivyo nilivyofikiri, na sidhani kama nilikuwa nimekosea kabisa.

Mama alifariki, nami nikiwa mtoto wa kwanza nikashika yote anayoshika mtoto wa kwanza: simu za ndugu, daftari la michango, jeneza, gari la kwenda kijijini, chakula cha waombolezaji, mpaka arobaini ikapita. Watu walinishika mkono wakaniambia nijikaze, na nikajikaza kweli. Ilikuwa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kuniuliza, ndipo usingizi ulipoanza kunikatika saa tisa za usiku. Chakula kikapoteza ladha. Nikiwa darasani, sentensi ilinipotea katikati, wanafunzi wakabaki wananitazama kwa adabu. Nilikwenda zahanati kupima malaria, kisha taifodi, kisha presha, na kila jibu lilipotoka zuri nilihuzunika kidogo, kwa kuwa nilitamani ugonjwa wenye jina na dozi. Mganga mmoja aliniambia kwa upole, “Mwalimu, punguza mawazo.” Nadhani aliona sawasawa. Nilichokosa ni mahali pa kuyapunguzia.

Nikaanza kutafuta, na nikaanzia mbali. Nilipata namba ya mshauri aliyeko Dar es Salaam, tukawa tunazungumza kwa simu jioni, mimi nikiwa nyuma ya nyumba ambako watoto hawasikii. Alikuwa msikivu, mwenye sauti tulivu isiyo na haraka. Lakini siku ya kwanza nilijikuta namweleza habari za ndugu yangu mmoja asiyelala usiku, na siku iliyofuata nikaendelea na habari za huyohuyo ndugu. Kwa mtu asiyenijua sura, asiyeweza kunikuta sokoni, bado nilijificha nyuma ya mtu mwingine. Nafikiri alijua, ingawa hakunikatiza. Mwishoni aliniuliza kama ndugu yangu angependa kupiga simu mwenyewe siku moja, nikamjibu kwamba nitamuuliza.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimeweka umbali wa safari nzima ya basi kati yangu na mtu wa kunisikiliza, na bado haukutosha. Nikawaza kwamba labda tatizo ni ugeni. Kwamba mtu wa Dar es Salaam hajui nyumba yetu, hajui kijiji tulikomzika mama, na ingenilazimu kuanza kueleza mambo ambayo sina nguvu ya kuyaeleza. Basi nikageukia upande wa pili. Sasa nilitaka mtu wa karibu kabisa, mtu wa mambo yetu, ambaye nikitaja daftari la michango tu atakuwa ameshaelewa yote yaliyo nyuma yake.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye familia nyingi za mtaani kwetu humwendea. Alinipokea kwa heshima, akanisikiliza kidogo, na kabla sijamaliza alikuwa ameshaelewa. Alizungumza juu ya mzigo wa mtoto wa kwanza, akanisimulia alivyompoteza mama yake mwenyewe, tukasali pamoja. Nilitoka nikiwa mwepesi, na wepesi ule ulikuwa wa kweli. Sitaki kuudharau, maana wako watu wengi ambao mlango wa aina hiyo ndio pekee walio nao, na unawavusha. Lakini usiku wa manane ukarudi kama kawaida yake. Nikiwa macho gizani nikaanza kuona kwamba mzee yule alikuwa ameielewa habari ya watoto wa kwanza wote. Ile iliyo yangu peke yangu hakuiuliza, nami sikuitoa.

Ulibaki mlango nilioukwepa tangu mwanzo, kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali. Kuukwepa kwangu kulikuwa na mizizi ya zamani. Sisi tulikua tukisikia jina la Mirembe likitajwa kwa kutishia au kwa kuchekesha. Hospitali hiyo ya Dodoma ilianza mwaka 1927, na kwa vizazi vingi mawazo ya watu wa kawaida kuhusu matibabu ya akili yaliishia kwenye ukuta wake: aliyepelekwa huko alihesabiwa kuwa amekwenda mbali, na aliyerudi alirudi na jina jipya. Mtu anaweza kuwa amesoma, anaweza kuwa anafundisha wengine wasiwabague wagonjwa, na bado maneno aliyoyasikia utotoni yakamshika mguu mlangoni.

Kilichonishangaza ni kugundua, katika kusomasoma kwangu, kwamba mkoa huuhuu wa Morogoro pamoja na Kilimanjaro ndiyo mikoa ambako katika miaka ya 1980 Serikali, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark, ilijaribu mpango wa kuitoa huduma hii ndani ya hospitali kubwa na kuifikisha kwenye vituo vya afya na zahanati, kwa kuwafundisha watumishi wa kawaida namna ya kuwatambua na kuwahudumia wagonjwa wa akili karibu na kwao. Kumbe kabla sijaanza kuamini kwamba msaada huu hutafutwa mbali, walikuwapo watu hapahapa waliofanya kazi ili usiwe mbali. Sikujua niwashukuru vipi, ila nilijisikia vibaya kidogo kuwa wa mwisho kujua.

Muuguzi aliyenipokea alinisomea maswali tisa. Yote yalihusu wiki mbili zilizopita: kama nimekosa hamu ya mambo niliyokuwa nayapenda, kama nalala, kama nakula, kama najiona sifai, kama imenijia fikra kwamba ni heri nife. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla yake haiwezi kuzidi 27. Ni dodoso linalotumika sehemu nyingi duniani, na limetafsiriwa na kupimwa kwa Kiswahili hapa Tanzania na Kenya. Nilidhani lingenikera, mambo ya moyo kutiwa alama kama mtihani. Badala yake nilipata nafuu ambayo hadi leo sijaielewa vizuri. Labda ni kwa sababu maswali yalikuwa yameandikwa tayari kabla sijafika. Mtu fulani alikwishajua kwamba wako wanaoamka saa tisa usiku, wengi kiasi cha kuwaandikia swali lao. Muuguzi alinieleza kwamba majibu yangu yanaonyesha dalili za sonona, kwamba daktari ndiye angeamua kama ninahitaji dawa, na kwamba yuko mwanasaikolojia ambaye kazi yake ni mazungumzo.

Mwanasaikolojia huyo ni mama wa umri wa shangazi yangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla ya yote akanieleza utaratibu. Nitakayosema yatabaki pale, isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Hapo atalazimika kuwashirikisha wengine, na ataniambia kwanza. Naweza kumuuliza kuhusu elimu yake na uzoefu wake. Nikiona hatuendani, nimwambie bila woga, atanielekeza kwa mwenzake. Kisha akasema, “Na mji wetu ndio huu. Tukikutana sokoni sitaanza mimi kukusalimia. Ukinisalimia nitaitikia kama ninavyomwitikia mtu yeyote, na hapo yameisha.” Nilitafakari sana maneno hayo. Kwa desturi yetu ni mimi, niliye mdogo, ninayepaswa kuanza kuamkia. Kwa hiyo hakuwa amevunja adabu yoyote. Alikuwa ameuacha uamuzi mikononi mwangu, akitumia desturi ileile niliyodhani ndiyo itakayoniumbua.

Nilitegemea kwamba yeye, kwa kuwa ni mtu wa hapa, hatahitaji maelezo mengi. Lakini alikuwa anauliza mambo ambayo mtu yeyote wa kwetu anayajua. Daftari la michango alilishika nani? Wakati wa mazishi nilisimama wapi? Nilikula saa ngapi siku ile, na aliyenipa chakula ni nani? Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamwambia, “Lakini mama, si unajua misiba yetu ilivyo?” Akanitazama kwa upole akasema, “Ya kwetu naijua, mwalimu. Wa kwenu sikuwepo.”

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mke wangu wala wadogo zangu. Mama aliposhushwa kaburini mimi sikumwona. Nilikuwa pembeni, nyuma ya migomba, nalipana na mwenye gari, tukibishana juu ya pesa ya mafuta, na niliporudi watu walikuwa wameshaanza kufukia. Nikachukua udongo nikatupia kama wengine, na hakuna aliyejua. Kwa miezi yote ile, kila niliposikia nasifiwa kwa jinsi nilivyousimamia msiba, nilikuwa nasikia kwamba nilikuwepo kila mahali isipokuwa pale nilipotakiwa kuwepo. Hakuniambia kwamba sikufanya vibaya. Aliniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, na saa iliyobaki nikawa namweleza habari za mama.

Tangu hapo nimekuwa nikiirudia safari yangu ya kutafuta, nikijaribu kuelewa nilikuwa natafuta nini. Nilipomtaka mtu wa mbali nilisema nataka usiri. Nilipomtaka mtu wa karibu nilisema nataka kueleweka. Yalionekana kuwa matakwa mawili yanayopingana, lakini siku hizi naona yalikuwa takwa moja. Kwa yule wa mbali nilitaka nisijulikane, na kwa yule wa karibu nilitaka nijulikane bila kusema. Kote kuwili nilikuwa natafuta namna ya kutosema. Na pengine hilo ndilo jambo pekee ambalo mshauri, hata awe amesoma kiasi gani, hawezi kukufanyia.

Hata hivyo sitaki kuligeuza hili kuwa kanuni, maana najua yaliyonifaa mimi yalitegemea mengi yasiyo mikononi mwa kila mtu. Mimi nilikuwa na kliniki katika mji ninaoishi. Iko habari ambayo daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe ameisimulia hadharani, ya mgonjwa wake kijana aliyejiua mwaka 2005. Alitakiwa kurudi hospitalini akamwone, naye na mama yake walikosa nauli ya basi. Kutokana na msiba huo Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, jijini Harare, kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuzungumza nao matatizo yao hatua kwa hatua. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikifikiri juu ya wale bibi, naona maswali yangu ya mbali na karibu yalikuwa maswali ya mtu mwenye nauli.

Na ukaribu nao una hatari zake. Kuna siri zimewahi kuvuja, na aliyeumizwa hivyo akiamua kwenda mji mwingine sina neno la kumwambia ila namwelewa. Wako ambao ugonjwa wao unahitaji dawa kwanza, mazungumzo baadaye. Yuko anayewaza kujidhuru, ambaye hana muda wa kuchagua mlango kama nilivyochagua mimi, na ambaye anapaswa kupelekwa hospitalini leo hii, na mtu yeyote aliye jirani naye.

Mimi bado naamka usiku mara mojamoja. Nimemweleza mke wangu habari ya migombani. Wadogo zangu bado, na sijui kama nitawaeleza. Majuzi nilimwona yule mama sokoni, kwenye nyanya, nami nikiwa na walimu wenzangu. Nilimwamkia, akaitikia, na mmoja wao akaniuliza ni nani. Nikasema ni mshauri ninayemwendea. Sijui nilitegemea nini. Mwenzangu alikaa kimya hatua kadhaa, kisha akaniuliza kliniki hiyo hufunguliwa siku gani. Nikamtajia siku, nikamwambia pia kwamba mara ya kwanza ni ngumu, kwamba ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kuulizwa, na kwamba asipoendana na huyu anaweza kumtafuta mwingine. Sikumuuliza anamuulizia nani.