Kuuliza Si Matusi

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi tunaona haya kulitaja: kumuuliza mtu anayekuja kutuliza mioyo ya watoto wetu, yeye ni nani.

Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 9. Tangu tuvuke Ziwa Tanganyika usiku, hakuongea na wageni. Mshauri nasaha mpya alipotaka kukaa naye peke yake, nilimwuliza alifanya kazi wapi zamani na nani wa kumshuhudia. Majirani wakanishangaa: "Mama, mtu kaja kusaidia, wewe unamhoji kama polisi?" Mwenyewe hakukasirika. Alinipa majina mawili, nikaenda kuuliza.

Jamani, sababu ipo. Mwaka 2002, UNHCR na Save the Children ya Uingereza walitoa ripoti kuhusu Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto walieleza kwamba baadhi ya wasaidizi waliwataka kimwili ndipo wawape chakula. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akapiga marufuku wafanyakazi wake kulala na mtu chini ya miaka 18, na kusema "sikujua umri wake" si kujitetea. Tangu 2018 kuna orodha iitwayo ClearCheck, ili aliyefukuzwa kwa makosa hayo asiajiriwe tena ndani ya Umoja huo.

Lakini wengi wanaowahudumia watoto wetu ni wakimbizi wenzetu. Cheti cha polisi watakitoa wapi, na kule tulikimbia risasi? Tena cheti safi maana yake hakushtakiwa tu. Hapo ndipo tunahitajika sisi. Waliokaa naye kambi nyingine wanamjua. Kiongozi wa kijiji, kanisa au msikiti wake wanamjua. Mashirika yawaulize hao kabla ya kumpa kazi, siyo baada ya kilio.

Na hata akishapita, tuendelee kuangalia. Mazungumzo ya mtoto yawe ya faragha, sawa, lakini mahali watu wanapoona. Mshauri anayemwambia mtoto "usimwambie mama", huyo simamisha.

Ukisikia jambo baya, usilimalize kwa mbuzi na soda kati ya familia mbili. Peleka ofisi ya ulinzi wa mtoto, au UNHCR, siku hiyo hiyo. Mshauri mwema hataumia kuulizwa. Anayeumia, tumwulize mara ya pili.