Kitufe kimoja, kazi mbili

Saa nane usiku, mtoto anachemka. Mama wa Kisarawe anawasha kipimajoto cha dijitali, kinasoma 101.3. Juzi kilisoma 36.8. Anaona kimeharibika, anakiweka kando na kutegemea kiganja kwenye paji la uso.

Kumbe ni kizima. Vipimajoto vingi vina kitufe kimoja: ukikibonyeza kinawaka, ukikishikilia kinahama kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti. Alama ya kukujulisha ni herufi ndogo tu, C au F, pembeni mwa kioo. Hiyo 101.3 F ni sawa na 38.5 C. Ni homa.

Mzazi wa Kibaha au Kisarawe, soma herufi kabla ya namba. Ikifika 38 C, yaani 100.4 F, mpeleke mtoto akapimwe malaria mapema, usibahatishe dawa.