Vitu vya Mama Havitupwi Hivi Hivi

Zamu ya kuandika imenifikia, na mimi nitaandika juu ya kitu ninachokionea haya: vitu vya nyumbani kwetu. Sisemi uchafu wa chakula kilichooza au wa choo, hapana. Nasema vitu tu. Vitu vingi mpaka mtu anakosa pa kuweka mguu.

Haya yenyewe inatoka hapa. Mimi ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea, hapa Nyarugusu. Nazunguka mitaa na fomu mkononi. Naangalia kama kichanja cha vyombo kipo, shimo la takataka lipo, tundu la choo lina mfuniko, maji ya kunywa yamefunikwa, kibuyu chirizi kina maji na sabuni iko karibu. Naweka alama, nashukuru, naenda nyumba inayofuata. Fomu inaishia mlangoni. Haiulizi ndani kukoje, na mimi kusema ukweli nilikuwa nafurahia hilo, juu ingeuliza, nyumba ya kwanza kufeli ingekuwa yetu.

Tuko tisa ndani ya vyumba viwili. Mama, mimi, wadogo zangu wanne, yaya wetu na watoto wake wawili. Nyumba ni ya matofali mabichi, juu shitingi. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa magunia mpaka yanakaribia paa. Ndani ya gunia moja utakuta nguo za watoto ambao sasa wana ndevu. Gunia lingine, neti zilizochanika. Lingine, magunia matupu ya unga yaliyokunjwa, yaani gunia la magunia. Makopo ya mafuta ya mgao, sikuwahi kuyahesabu. Madumu yanayovuja. Sufuria isiyo na kitako. Redio iliyokufa tangu tukiwa Lugufu. Kila asubuhi tulisogeza vitu ili tupate njia ya kutoka, na kila jioni tulivirudisha ili tupate nafasi ya kutandika mikeka. Kazi ya bure kila siku, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza kwa nini. Ukitoka kwenye foleni ya maji na kutafuta kuni, hutaki kupanga magunia. Ukitazama kile chumba, hata hujui uanzie wapi, basi unafunga pazia.

Mwaka huu, mvua ikinyesha, megafoni ikapita jioni ikisema mtaa wetu unaenda uhakiki kesho yake saa mbili, familia nzima na karatasi zote. Mama akasema karatasi ziko kwenye mfuko wa bluu. Mfuko wa bluu uko wapi? "Uko mule ndani."

Mule ndani! Tulitafuta usiku kucha kwa mwanga wa simu moja yenye chaji kidogo. Tulitoa gunia baada ya gunia, watoto wamekaa juu ya mikeka wanalia usingizi, mvua inapiga shitingi, hatusikilizani. Karibu saa tisa usiku yaya akaupata mfuko, chini kabisa, nyuma ya sweta. Panya walikuwa wametoboa pembeni na kutengeneza kiota humo. Karatasi ya familia ilikuwa salama, juu ilikuwa ndani ya plastiki ngumu. Ila buletini ya mdogo wangu wa kike, ya mwaka wa tano sekondari, ilibaki kama nusu. Upande wenye pointi ndio ulioliwa.

Wale mliosoma programu ya Kongo hapa kambini mnajua buletini ni nini. Mtoto alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Hakupiga kelele. Aliviokota vile vipande, akaviweka kwenye kiganja, akakaa navyo mpaka kukakucha. Uhakiki tulienda, tukamaliza salama. Lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshaamua.

Jumamosi Mama alipoenda kanisani kufanya mazoezi ya kwaya, niliwaita wadogo zangu wawili wa kiume. Tukabeba. Madumu kumi na moja, makopo, neti, kile kiatu kimoja kisicho na mwenzake, yote tukayamwaga kwenye shimo la takataka. Saa mbili tu, chumba kikawa cheupe. Nilifagia, nikanyunyiza maji kidogo ardhini, nikasimama mlangoni kama bwana harusi. Nilifikiri Mama atafurahi.

Mama alifika, akatazama chumba, akanitazama mimi, hakusema neno. Akaweka chini kitabu cha nyimbo, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda shimoni. Alitoa kitu kimoja kimoja. Dumu, anakung'uta, anaweka pembeni. Kopo, anapangusa kwa kanga, anaweka pembeni. Majirani wanaangalia. Nikamfuata ili nimsaidie, akanionyesha mkono tu, nisimame. Hakuna aibu iliyowahi kunipata kama ile.

Jioni baada ya kula ndipo alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

"Mutoto wangu, siku tulitoka Fizi, tulibeba nini?"

Nikasema sijui, nilikuwa mdogo.

"Sufuria moja na wewe mugongoni. Kwenye mutumbwi mwenye mutumbwi akasema nichague, sufuria nzito. Nikaitupa kwenye ziwa." Akanyamaza. "Tulifika Kigoma, watu wananipa unga. Nitapikia wapi?"

Halafu akaniambia ya Lugufu. Ile kambi ilipofungwa mwaka 2009, watu wengi tulihamishiwa hapa Nyarugusu. Hiyo naikumbuka, nilikuwa na miaka minane, kwangu kupanda lori ilikuwa sherehe. Kumbe Mama aliacha mlango aliokuwa ameununua mwenyewe, mawe yake ya kusagia, na kitanda cha mbao ambacho Baba alikitengeneza kwa mikono yake. Alisema alipofika hapa alilala chini miezi mingi akikiwaza kile kitanda.

Na kama hiyo haitoshi, kuna jirani zetu, sitawataja. Walikuwa wamepata tarehe ya kusafiri kwenda Marekani. Mnajua mtu akipata tarehe anavyofanya: anagawa. Waligawa sufuria, ndoo, mikeka, kuku. Wakabaki na mabegi ya safari. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, safari yao ikafa, na wale watu wakabaki ndani ya nyumba tupu. Baba mwenye nyumba alikuwa anapita kwa watu usiku, juu mchana aliona haya, akiomba arudishiwe sufuria. Moja ilikuwa kwetu. Mama alimrudishia, na mfuniko wake, akaongeza na ndoo moja ya zamani kutoka kwenye lile rundo nililoliita takataka.

Sasa niambie mimi na semina zangu za usafi ningemjibu nini.

Nilikaa siku kadhaa bila kugusa kitu. Lakini buletini haikutoka kichwani, na chumba kilikuwa kimerudi kama zamani. Siku moja nikamwambia Mama, tusitupe. Tukae tu mlangoni, gunia moja, na kila kitu kikitoka wewe utuambie kinangoja nini. Kama kinangoja kitu, kinabaki. Akacheka, akasema nimeanza kuwa na akili.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, gunia moja kwa siku, saa kumi hivi kabla ya kuwasha moto. Gunia moja tu. Mara mbili yaya alitaka tuendelee na la pili, Mama akakataa, na alikuwa na haki. Siku ile ya Jumamosi nilifanya yote kwa mara moja, mliona matokeo. Gunia moja mtu anaweza kulimaliza na bado akapika.

Kilichonishangaza ni kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali. Anashika sweta ya mtoto, anasema, "Hii inangoja mutoto wa yaya wenu akikua." Sawa, inabaki. Anashika nyingine: "Hii inangoja..." Anafikiri. "Hii haingoji mutu." Na anaitoa mwenyewe, anasema apewe mama fulani aliyejifungua juzi. Yeye hakuwa na shida ya kutoa. Shida yake ilikuwa mtu mwingine kumtolea.

Madumu yanayovuja, alisema yanangoja kukatwa. Miaka yote yalikuwa yanangoja kukatwa! Nikachukua kisu, nikayakata siku ileile. Matano tumepandia vitunguu na lengalenga nyuma ya nyumba, mawili yamekuwa makopo ya kuchotea, moja linakaa na vijiko. Mengine yalishapasuka kwa jua, Mama akaruhusu yaende. Neti zilizochanika zimefunika miche ili kuku wasile. Hapa niwaambie wahamasishaji wenzangu: ni neti ambazo haziwezi tena kuzuia mbu, nzima ziko kitandani, msinipige.

Magunia matupu alikataa hata moja lisitoke, na sikubishana. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, gunia kwetu ni mlango, ni mkeka, ni kivuli, ni begi la shule. Tuliyakunja yote sawasawa tukayaweka chini ya mkeka wa watoto, sasa wanalala juu kidogo na baridi imepungua.

Makopo ya mafuta ndiyo hadithi. Niliyapeleka kwa fundi bati, yule anayetengeneza vibatari na majiko pale karibu na soko. Nilitaka kuyauza. Akaniuliza, mna sanduku la karatasi? Nikasema hatuna. Akayakata, akayanyoosha, akayaunganisha, akatutengenezea kisanduku chenye mfuniko na mahali pa kufuli. Malipo yake alichukua makopo yaliyobaki. Ndani bado unasoma yale maandishi ya mafuta, na ukifungua kinanuka mafuta kidogo. Lakini panya hawali bati. Karatasi ya familia iko humo, kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, diploma yangu, na vile vipande vya buletini ndani ya bahasha. Kisanduku kinakaa juu ya tofali mbili upande wa kichwa cha Mama. Hata giza likiwa totoro, mtu ananyoosha mkono anakigusa. Shuleni walisema watatafuta pointi za mdogo wangu kwenye madaftari yao ya zamani. Bado tunangoja.

Gunia la mwisho lilikuwa na koti la Baba. Nilijua liko humo, sote tulijua. Mama alilitoa, akalikung'uta, na mimi sikuuliza linangoja nini. Alipigilia msumari ukutani, akalitundika. Liko pale. Wageni wanafikiri ni langu.

Msidhani sasa nyumba yetu ni hoteli. Watu tisa ni watu tisa. Wadogo zangu bado wanagombana kila asubuhi nani akunje mikeka, na ikinyesha kila kitu kinaingia ndani, kuni, ndoo, kuku, hata baiskeli ya jirani. Kuna siku ninarudi nakuta mambo yameparaganyika nataka kulia. Tofauti ni kwamba chini ya vurugu kuna sakafu, na ikija megafoni hatutafuti.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nina ombi moja. Mkiingia nyumba ikawa imejaa vitu mpaka juu, msiandike haraka "familia haina usafi". Mliwapa ndoo mpya, mnashangaa ya zamani bado ipo. Lakini hakuna aliyewaambia ndoo nyingine itakuja lini, au kama itakuja. Kaeni kwanza, muulize kitu kimoja kina kazi gani. Mimi siku hizi nauliza hivyo nikizunguka, ingawa kwenye fomu hakuna mstari wake, na nachelewa kumaliza mtaa. Juzi bibi mmoja alinieleza juu ya mwiko wake wa mti kwa muda mrefu mpaka nikakosa nyumba nne.

Panya bado wako. Wamehamia upande wa unga. Kama kuna mwenye dawa isiyodhuru kuku wala watoto, aniandikie.